Kabla ya Kujibu Amina

Siku ya kwanza kazini nilivaa sketi ya shule, kwa sababu sikujua admin anavaa nini. Nilikuwa kidato cha pili. Jana yake Mwenyekiti wa kwaya ya vijana, hapa kwetu Kamunyonge, Musoma, alikuwa ameniita pembeni baada ya mazoezi, akaomba simu yangu, ile ya zamani ya mama yenye kioo kilichopasuka, akabonyeza mara mbili tatu, akanirudishia.

"Wegesa, kuanzia leo wewe ni admin wa kundi."

"Mimi, Mwenyekiti? Mimi siongeagi."

"Ndiyo maana nimekuchagua. Asiyeongea hagombani na mtu."

Naandika haya kwa ajili ya Pendo, aliyepokea kazi yangu, na wadogo wengine watakaokuja baada yake, wajue enzi zetu kazi hii tuliifanyaje. Najua mtacheka nikisema enzi zetu. Nimemaliza kidato cha nne juzi tu. Lakini nimestaafu, na aliyestaafu anaruhusiwa kukumbuka.

Admin ni mtunza mlango. Anaingiza watu, anatoa wanaotukana, anapini tangazo, yaani analigandisha juu ya kundi lisizame. Mtu akikasirika akajitoa mwenyewe tulisema amelefti, na ilikuwa kazi ya admin kumfuata pembeni na kumbembeleza arudi. Hiyo niliipenda. Ana kwa ana siwezi kumbembeleza hata kuku, lakini kwa kuandika niliwahi kuwarudisha waimba alto wanne waliolefti siku moja kwa sababu ya rangi ya sare.

Kubwa kuliko yote ilikuwa Amina. Kila asubuhi saa kumi na mbili Mwenyekiti alitumaga sala, na sheria yake ilikuwa admin ajibu wa kwanza ili wengine wafuate. "Kundi lisilojibu," alisemaga, "ni kama kwaya isiyo na besi." Basi nikajibu. Baada ya muda simu ikanizoea. Nikigusa herufi A tu, yenyewe inamalizia: Amina ubarikiwe, na viganja viwili vimeunganishwa.

Sifa zikaenea, nikapandishwa cheo. Nikapewa kundi la sauti ya kwanza, kisha kamati ya harusi ya mwalimu wa kwaya, kisha kundi la ukoo, ambako mkubwa wangu alikuwa Katibu wa Ukoo, mzee anayeandika kwa herufi kubwa tupu kama anayeita ng'ombe. Nilipofika kidato cha tatu nilikuwa na makundi kumi na moja. Naamka nayo, nakula nayo, shingo inauma kama nimebeba ndoo kutoka ziwani. Milio nikaizima yote, maana simu ilikuwa inaunguruma kama mashine ya kusaga. Ila niseme ukweli, nilijiona mtu. Darasani mwalimu akitaja jina langu nilikuwaga natetemeka. Kwenye kundi, nikiandika "tulieni jamani", watu wazima wanatulia.

Katikati ya yote hayo kulikuwa na Bibi, mama yake mama, anayekaa Buswahili kule Butiama. Bibi hajui kuandika, na macho yake yalishaingia ukungu, kwa hiyo alituma sauti. Anashikilia ile alama ya maiki, anaongea mpaka achoke. Dakika nne, dakika saba. Mimi nilikuwa naona tu mstari wa sauti ni mrefu, nagusa A. Amina ubarikiwe.

Jumapili moja ya likizo ya Juni alituma sauti mbili. Nilikuwa napini tangazo la sare. Nikagusa A mara mbili.

Jumanne yake, saa tisa mchana, jirani wa mama sokoni, wanauza wote dagaa, aliingia uani kwetu amemshika Bibi mkono. Bibi alikuwa na kuku aliyefungwa miguu, na kuku mwenyewe ameachama kwa kiu. Walikuwa wametoka stendi, alikomkuta. Bibi alikuwa pale tangu saa tatu asubuhi. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja Musoma, jina lake lilikuwa kwenye orodha ya siku ile, na kwenye zile sauti mbili aliniomba mimi nimpokee stendi nimpeleke hospitali, kwa sababu mwenyewe haoni vizuri hata gari linalokuja. Hakumwambia mtu mwingine. Alikuwa amenipigia mpaka simu yake ikaisha chaji. Nilipoangalia yangu nikakuta simu zake zote, zimelala chini ya ubishi wa sare.

Mama aliporudi akaelezwa.

"Mtoto wewe! Bibi yako anakaa juani kama mzigo usio na mwenyewe, na wewe simu unayo mkononi?"

"Muache," Bibi akasema. Alikuwa anatafuta ukuta kwa kiganja ili akae. "Alisema Amina. Mara mbili. Mtoto wa jirani alinisomea, mimi nikajua amesikia."

Orodha ya siku ile ilikuwa imeshafungwa, na madaktari waliondoka jioni ile. Tuliambiwa watarudi labda Novemba. Mpaka Novemba ukungu ungekuwa umefika wapi, hakuna aliyejua. Na kuku yule tulipikiwa sisi. Sikuweza kumla.

"Nenda Bunda kwa mama yako mdogo," mama akaniambia. "Huyo naye aliwahi kuugua simu, akapona."

Hivyo ndivyo nilivyohamishiwa kituo cha pili, Manyamanyama kulekule Bunda, kwenye duka la vitenge la Mama Mdogo. Zamani alifanyaga kazi kwenye kambi ya watalii karibu na geti la hifadhi, usafi wa mahema, na kila asubuhi alitandika mikeka ya wageni wanaofanya yoga. Mwalimu wao akamwambia asisimame tu pembeni, akae nao. Akakaa miaka mitatu. Alipofungua duka, wateja wa kwenye simu wakamtoa usingizi, ndipo akaukumbuka ule mkeka. Mimi alinipa cheo cha meneja wa ukurasa wa duka, kwa sharti moja: kabla ya simu, mkeka, nyuma ya duka, kati ya ndoo na cherehani bovu.

"Kaa. Simu iweke unapoiona lakini mkono haufiki. Vuta pumzi, hesabu nne. Toa, hesabu sita."

Pumzi ya tatu mkono ulishaanza safari.

"Huo mkono mbona unaondoka bila kuaga?"

"Simu imewaka, Mama Mdogo."

"Acha iwake. Si jiko, hakuna kinachoungua."

Alinifundisha kama alivyofundishwa, ila kwa maneno ya dukani. Wenye yoga wana kanuni ya kurudisha macho na masikio ndani, kama kobe anavyoingiza miguu. Kwenye simu maana yake ni kuzima milio ya makundi yote na kubakiza mlio wa kupigiwa, kwa sababu anayepiga ana shida. Mimi nilikuwa nimezima vyote, hata ule wa Bibi. Wana kanuni ya kutodhuru, na Mama Mdogo alisema hata jibu la haraka linaumiza. Aliposema hivyo hakuniangalia. Wana kutong'ang'ania, na kwenye simu maana yake ni kuachia makundi mengine.

"Nikilefti si watalalamika?"

"Watalalamika siku mbili. Ya tatu watakuwa wanabishania kitu kingine."

Mwishoni tulikuwa tunalala chali, macho tumefumba, pozi la maiti. Hilo ndilo lilinishinda. Vidole vilicheza vyenyewe kutaka kujua nani kaandika nini.

"Tulia, Wegesa. Maiti hana bando."

Nilicheka mpaka machozi yakatoka, halafu nikakuta nalia kweli. Nikamwambia hata lile nililomficha mama: sauti za Bibi za zamani nilishazifuta zote bila kuzisikiliza, ili video za kwaya zipate nafasi. Mama Mdogo akainuka, akaanza kukunja mkeka.

"Hiyo nayo ilikuwa pumzi," akasema. "Ulikuwa umeibana. Sasa kamtolee mwenyewe."

Niliporudi Musoma nilikwenda kwanza kwa Mwenyekiti. Nilimwambia kwa mdomo kwamba nitafungua kundi mara mbili kwa siku, baada ya chai na saa kumi, na sitajibu Amina kabla sijasoma.

"Yoga? Hayo si mambo ya dini nyingine, binti?"

Nikampa jibu ambalo Mama Mdogo alilitoaga alipoulizwa kanisani kwake. "Mwenyekiti, navuta pumzi ileile Mungu aliyotupulizia puani."

Akakuna kidevu. "Kwa hiyo zile Amina zote..."

"Nyingi sikuzisoma."

Nilidhani atanifukuza. Akaangalia kama kuna mtu karibu, akashusha sauti. "Hata mimi zile sala nafowadi tu."

Kisha nikaenda Buswahili. Bibi alikuwa anapepeta mtama kwa kuugusa zaidi ya kuuona. Nilipiga magoti nikamwambia kuhusu zile sauti. Aliendelea kupepeta.

"Zote?"

"Zote, Bibi."

"Kulikuwa na ile ya siku mama yako alipozaliwa njiani." Akapuliza makapi. "Haya, kaa. Lakini sirudii kwa simu. Utazifuata hapahapa, moja moja."

Nilizifuata. Kila likizo, moja moja, na kuna nyingine alikuwa ameshazisahau, hizo zimeenda. Novemba nilikuwa stendi kumpokea saa nzima kabla ya gari lake kufika. Walimtoa ukungu jicho la kulia. La kushoto walisema limechelewa.

Hilo jicho silisahau, na siandiki hapa kwamba yameisha. Ila nikikumbuka kazi yangu naikumbuka kwa mapenzi. Nazikumbuka asubuhi zile simu inavyojaa salamu kama uwanja wa kanisa baada ya ibada, na Katibu wa Ukoo akiita kwa herufi kubwa. Pendo, kundi ni watu. Usiliogope. Vuta pumzi, uliza ni nani anaongea, msikilize mpaka mwisho, ndipo uguse A.

Siku niliyokukabidhi kazi nilikwenda nyuma ya nyumba, nikavuta pumzi nne, nikashika ile alama ya maiki. Sikuwahi kumtumia mtu sauti yangu. Nikamwambia Bibi kwamba nimestaafu, na ninavyomwaza. Dakika sita. Tiki zikawa za bluu, na hapohapo, kabla hata dakika moja haijaisha, vikaja viganja viwili vimeunganishwa. Basi.

Nikavitazama. Hivyo ndivyo nilivyompa yeye zaidi ya mwaka mzima.

Nikaiweka simu mahali mkono usipofika. Baadaye ikawaka. Nilivuta pumzi kwanza, ndipo nikafungua. Ilikuwa sauti ya Bibi.

"Wegesa, kile kilikuwa kidole, kiliteleza. Sasa ndiyo nimemaliza. Nimesikia yote, mpaka jogoo wa jirani, mpaka pale ulipokohoa. Hilo koo linywee kitu cha moto."