Kaburi la Mbugani

Kijijini kwetu, ng'ambo ya ziwa upande wa Busisi, udongo hubadilika ukitembea kidogo tu. Juu kwenye mawe ni mchanga, tunauita luseni. Mvua ikinyesha asubuhi, mchana unaanika karanga palepale. Chini mbugani ni mfinyanzi mweusi. Huo ukishika maji hauachii, ndiyo maana majaruba yetu ya mpunga yako huko. Makaburi ya ukoo nayo yako huko.

Baba alifariki masika. Vijana walichimba huku wakichota maji kwa ndoo, na kila walipochota, maji yalirudi. Jeneza liliposhushwa, lilielea. Ilibidi wanaume wawili walikandamize kwa majembe mpaka udongo ulipolizidi nguvu. Mama alisimama ukingoni akaona yote.

Tangu siku hiyo akawa na neno moja: "Mimi mnizike luseni. Msinitie majini kama mpunga."

Baba mdogo hakutaka kusikia. Mke hulala kando ya mumewe, alisema, na udongo ni udongo. Nilimjibu vibaya na sijutii: kama udongo ni udongo, mbona nyumba yake ameijenga juu mchangani? Tulikaa muda mrefu bila kusalimiana. Mwishowe wazee walikubali, tukatenga sehemu kule juu, jirani na shamba la karanga. Nikarudi mjini Igoma kwenye cherehani yangu nikijiona mshindi.

Mwaka huu Mama akaanza kuumwa moyo. Nilipokwenda kumwona nilimkuta amekaa barazani, mvua inanyesha, macho yakiwa mbugani.

"Kule juu nimepaona," alisema. "Pazuri, pakavu. Lakini mwanangu, mnizike kwa baba yako."

"Mama! Na yale maji je?"

"Maji nayajua. Baba yako yumo humo peke yake."

Niliingia ndani nikalia kwa hasira. Nilikuwa nimegombana na ukoo mzima kwa ajili yake.

Sijambishia. Lakini mawingu yakianza kujikusanya upande wa ziwani, naacha kushona nampigia simu: umekula? Umelalaje? Wenzangu kanisani humwombea maisha marefu. Mimi siwezi kuwaambia ninachoomba. Namwomba Mungu, kama ni kumchukua, amchukue kiangazi.