Midoli ya Kuonyesha Wageni

Maharage makavu yakitikiswa ndani ya kibuyu kidogo hulia kama mvua inayoanza kupiga bati, na mlio huo ndio ulionipokea kila asubuhi nilipompeleka mdogo wangu Gwakisa kwenye kituo cha watoto. Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Tulikuwa tumehamia kijiji kipya upande wa Suma, na kina mama walikwenda kuchuma chai ya kijiji ukungu ukiwa bado umelala juu ya migomba. Watoto wao wadogo walibaki kwenye banda la mianzi pamoja na Mama Atupele, mjane mnene mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani. Hakuna aliyempa kitu cha kuwachezesha, akatengeneza mwenyewe: vibuyu vya kutikisa, wanasesere wa magunzi, magari ya shina la mgomba, na vipande vya mianzi, vinene kwa vyembamba, vya kuingizana kimoja ndani ya kingine.

Gwakisa alikuwa amepita miaka miwili bila kutamka neno. Shangazi yetu alikwisha kuanza kumwita bubu, tena mbele ya mama. Mama Atupele hakumwita chochote. Alikaa naye sakafuni, akamwachia mianzi ajaribu mwenyewe. Kipande kikigoma, alisema, "Bado… bado…" Kikipita, alipiga makofi na kupaza sauti, "Imeingia!" Siku moja, kabla Mama Atupele hajafungua mdomo, mtoto akamtangulia: "Meingia!" Nilikimbia hadi shambani kumwambia mama. Alitua kapu la chai, akarudi nami, akamtaka mtoto arudie neno lile hadi mtoto mwenyewe akachoka. Baada ya hapo yakaja mengine, maziwa, paka, twende, na shangazi akaacha kumwita bubu.

Kisha tukaambiwa kwamba wageni wanakuja kutazama maendeleo ya kijiji. Likaletwa sanduku la midoli kutoka mjini: vibao vya rangi vya kupangia nyumba, gari la moshi la mbao, mwanasesere mwenye nywele za manjano. Mwenyekiti wa kijiji alisimama mlangoni mwa banda, akatazama vibuyu na mianzi, akasema, "Takataka hizi zitatuaibisha." Vikatupwa kwenye moto wa nyuma ya jiko. Mama Atupele alijaribu kuficha vichache ndani ya khanga yake, akaamriwa avitoe.

Wageni walikuja, wakapiga picha, wakatusifu. Gari lao lilipokata kona, Mwenyekiti alianza kukusanya midoli, akiichomoa mikononi mwa watoto mmoja baada ya mwingine. Gwakisa alikuwa ameshika kibao chekundu, akikijaribisha juu ya kingine. Hakukiachia. Yule mtu mzima, mwenye suti ya kola ndefu iliyopigwa pasi, aliinama akavifungua vile vidole vidogo kimoja kimoja. Nilikuwepo. Hadi leo navikumbuka vidole vile. Midoli ikafungiwa kabatini ofisini kwake, na mdogo wangu akarudi kwenye ukimya wake.

Mama alivumilia siku chache tu. Jioni moja, akitoka kuchuma, makapu bado mgongoni, aliongoza wenzake moja kwa moja hadi ofisini. Nilimfuata.

"Ndugu Mwenyekiti, mwanangu alikuwa ameanza kusema. Tupe midoli."

"Mama Gwakisa, wataiharibu. Tukipata wageni wengine tutaonyesha nini?"

"Onyesha watoto."

Alicheka. "Mtoto wa miaka miwili anajifunza nini kwenye kibao? Anacheza tu. Kusoma ni shuleni."

"Na wewe ulizaliwa unahutubia?" mama akamuuliza. "Nani alikufundisha kushika kitu kisianguke? Nani alikufundisha hiki kikubwa, hiki kidogo? Ulikwenda shuleni kwa hayo?"

Wanawake waliguna kwa pamoja. Mwenyekiti alitia ufunguo mfukoni akasema ofisi imefungwa. Hawakumbembeleza. Waliteremka mtoni jioni ileile wakakata mianzi, na Mama Atupele akaanza upya. Gwakisa alichukua muda mrefu. Alikaa akitazama tu, mikono mapajani, kana kwamba anangoja mtu aje kumpokonya. Mvua kubwa zilipokwisha ndipo alipogusa tena, na maneno yakarudi pole pole, kwa kigugumizi ambacho hakuwa nacho mwanzo. Anacho hadi leo, mzee mwenye wajukuu. Kabati lilipofunguliwa, Mwenyekiti mwingine akiwa madarakani, mchwa walikuwa wamekula vibao na panya wamejenga kwenye nywele za manjano. Hakuna mtoto wa kijiji chetu aliyewahi kuchezea midoli ile baada ya ile siku ya picha.

Ningependa kusema hayo yalikuwa mambo ya zamani, ya watu wasiojua. Mwezi uliopita nilimpeleka mjukuu wangu kwenye shule mpya ya watoto wadogo pale Bulyaga. Ina bati jekundu na sare za kupendeza. Watoto ambao bado wanalowesha suruali walikuwa wameketishwa kwenye madawati, penseli mikononi, wakiandika a, a, a. Juu ya rafu, mahali ambapo hata mimi sifiki, midoli ilikuwa imepangwa, bado imo ndani ya nailoni zake. Nilimuuliza mwalimu, binti mpole, inatumika lini. "Bibi, ile ni ya siku ya wazazi," akajibu. "Wazazi wenyewe wanataka kuona madaftari yamejaa." Nilivuta kiti nikapanda. Alinisihi nishuke, magoti yangu haya, na mwenye shule atasema nini. Nikamwambia amwite, nitamsubiri hapahapa. Kisha nikaanza kuchana nailoni.