Mfuko wa Hema, Kutoka Yoba Hadi Giteranyi

Waliokuwapo ni hawa. Mimi Halima binti Salumu, wa Yoba hapa Gitega, mjane wa fundi Ramadhani. Rehema, mjukuu wangu, binti ya mwanangu Idi, naye ni fundi cherehani kama babu yake. Sikitu wa Buhiga, mjane wa Kasimu mchinjaji, tuliyecheza naye tukiwa wadogo. Mwajuma wa Muyinga, dada yangu wa tumbo moja, ananizidi miaka minane. Nestori mwenye baiskeli, jirani yake Mwajuma. Na Domitila wa Giteranyi, mkulima, mkristo, aliyekulia Tanzania akarudi na mume wake Laurenti. Na Hassani. Hassani alikuwa mtoto wangu wa kwanza, alikufa na miezi saba ule mwaka tuliokimbia mauaji kwa miguu, njia hii hii, lakini nimemweka kwenye hesabu na mtaona kwa nini.

Sababu ya kuondoka ilikuwa simu. Mwajuma alinipigia akaniambia, "Halima, mi naanza kusahau. Jana nimesahau jina la baba ya watoto wangu. Njoo nikuonyeshe pahali tulimlaza mtoto, kabla napo hapajapotea." Miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza. Mimi majina ya watu hayanitoki, hata ya waliokufa zamani, lakini ile siku ya kumzika Hassani sikuwa na macho. Nilijua ni Giteranyi, karibu na kijito, basi. Mwenye kujua zaidi alikuwa Mwajuma peke yake.

Nilisema nitakwenda kwa miguu. Watoto wangu hawakushangaa. Gari inanitapisha, na siku hizi esanse yenyewe, mafuta ya gari, haipatikani, mtu anangoja basi siku mbili. Tena hii njia ya Muyinga naitembea kila mwaka, mwaka wa saba huu, na mfuko ule ule mgongoni.

Huo mfuko niueleze, maana wengi wananiuliza. Mzungu mmoja mtembea milima aliacha hema lililochanika kwa jirani yetu. Marehemu mume wangu alilikunjua barazani, akalipapasa, akasema, "Halima, hata salamu ni nzito kuliko kitambaa hiki." Akakata, akashona mfuko wa kubeba mgongoni, mshono mara mbili kila pahali. Ukiukunja unaingia kwenye ngumi. Mwaka wa kwanza niliujaza vibaya: termosi, sufuria ya chuma na kifuniko chake, vitenge vitano, kilo ya sukari. Mikanda ilinikata mabega mpaka damu. Ramadhani akacheka: "Nimekushonea kitu chepesi, weye umekigeuza punda."

Tangu hapo kila mwaka napunguza. Sasa nabeba kitenge kimoja cha kubadili, kanga ya kusali, blanketi jembamba, kisufuria, karanga za kukaanga, mkate wa muhogo, chumvi, chupa ya maji, sindano na uzi. Mfuko mwepesi hauna mifupa ndani, kwa hiyo blanketi linakunjwa na kukaa mgongoni, la sivyo sufuria inakuchoma uti. Kizito kinakaa juu, kati ya mabega. Ndani natanguliza gunia la plastiki, maana maji hupita kwenye mshono hata kitambaa kikiyakataa. Mwaka wa tatu mikanda ilichoka, nikaipanua kwa mikono ya sweta kuukuu. Na jua ndilo adui mkubwa kuliko mvua. Jua linakula kile kitambaa taratibu mpaka siku moja kinachanika kama karatasi.

Njo maana mwaka huu Rehema alisema tuufunike. Zamani nilikuwa na plastiki ya kuufunika, ikaisha. Nikatoa kitenge, nikakipitisha juu ya mfuko, ncha za juu nikafunga kifuani, za chini nikafunga kiunoni. Mikono yangu ilifanya hivyo bila kuniuliza. Mwanamke wa huku hajui namna nyingine ya kufunga kitu mgongoni.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka Yoba, mimi na Rehema, ukungu ukiwa bado umekaa bondeni. Rehema nilikuwa nimemwambia tunakwenda kumwona bibi yake Mwajuma. Habari za Hassani hakuzijua. Hata Idi, baba yake, hakuwahi kuambiwa kwamba alitanguliwa na kaka.

Saa sita hivi tulimkuta mama anauza ndizi kando ya barabara. Akaniambia, "Bibi, hako kajukuu kako na miezi ngapi?"

"Ni mfuko, dada."

"Mfuko unabebwa hivyo? Bon, nao uchukue ndizi, utakuwa na njaa."

Rehema akaniegemea sikioni. "Mwambie miezi saba, Bibi, tule bure."

Alisema saba. Angeweza kusema mbili au kumi. Mi nilichukua ndizi nikashukuru, nikashika njia nimeinamisha kichwa, na yeye akafikiri nimechoka.

Siku ya pili, kwenye daraja la Ruvubu, alikuja mzee anasukuma baiskeli ya makaa. Alivua kofia. "Mwaramutse, mukecuru," akanisalimu kwa heshima kama mama mzee. Halafu akapinda shingo akatazama nyuma ya bega langu, akatabasamu, lile tabasamu la mtu ambaye mtoto amemrudishia. "Huyu anapenda watu," akasema, akaendelea na safari yake.

Rehema alizunguka nyuma yangu akatazama. Kitenge kilikuwa kimelala wazi juu ya mfuko, hakuna mkunjo wa kudanganya mtu. "Yule babu macho yake yamekwisha," akasema. Lakini yule mzee alikuwa ametuona tangu ng'ambo ya daraja, na alipita kati ya mashimo yote bila kugusa hata moja.

Siku ya tatu walitusalimia hivyo watu wanne. Msichana mmoja mwenye jembe alipunga mkono wa kuchezesha mtoto, akacheka peke yake. Nilimwambia Rehema tukiondoe kitenge. Akakiondoa, jua likawaka juu ya kile kitambaa, nikaona nyuzi zimepauka, nikakirudisha. Sikutaka mshono wa Ramadhani ufe kwa ajili ya maneno ya watu.

Siku ya nne, tumeiacha Karuzi nyuma, kuna mpando mrefu wa udongo mwekundu, mikaratusi huku na huku. Asubuhi hiyo nilikuwa nimekula karanga na mkate, kwa hiyo mzigo ulikuwa umepungua. Katikati ya mpando mfuko ukawa mzito. Haukuzidi kidogo kidogo kama unapochoka. Ulizidi mara moja. Mwanamke aliyelea anaujua uzito huo: mtoto akiwa macho anajibeba nusu, anakushika, anakwenda na wewe. Akilala anakuachia mwili wote.

Nikasimama. Rehema akaniuliza nini. Nikasema, "Shika." Akauvua mgongoni mwangu, akauning'iniza kwenye kidole kimoja.

"Bibi, hauna kitu."

"Ubebe basi."

Akauvaa, akaenda hatua ishirini, labda thelathini. Akasimama bila kugeuka. Kisha akauvua polepole, mikono miwili, akaushika mbele kifuani. Tulifika juu ya kilima yeye ameupakata. Kuanzia hapo aliacha utani.

Baada ya kilima kile, watu waliendelea kusalimia, ila maneno yao yalibadilika. "Amelala?" waliuliza. "Amechoka na njia." "Mfunike kichwa, kuna baridi." Hakuna hata mmoja aliyecheka naye tena.

Buhiga tulifika siku ya tano, mchana. Sikitu alitupokea kwa kelele zake, akanikumbatia, na mkono wake ukapitia nyuma ukapigapiga mfuko chini, kama tunavyowapigapiga watoto makalio. Akauvuta mkono, akaupangusa kwenye nguo yake.

"Halima, umebeba nini?"

"Blanketi na sufuria."

"Iko baridi."

"Sufuria ni baridi, Sikitu."

"Mi najua baridi ya sufuria," akasema. Alitandika mikeka miwili, mimi na Rehema, halafu akaleta wa tatu, mdogo, akauweka kando yangu. Nilipomtazama akasema ni wa kuwekea mfuko, udongo usiuchafue. Nimemjua Sikitu tangu tukiwa na meno ya maziwa, hajawahi kujali udongo.

Siku ya saba, saa tisa, tukaingia Muyinga. Mwajuma alikuwa mlangoni anachambua mchele kwenye ungo. Aliinua kichwa akaniona nimeinama na kitenge kifuani. Ungo ukaanguka.

"Mshushe," akasema. "Halima, mshushe sasa. Inatosha."

Rehema alikimbilia mchele. Nilipoufungua mfuko mbele ya Mwajuma nikatoa kisufuria na kanga, alivitazama muda mrefu, kisha akaomba radhi, akasema ni uzee. Usiku huo nilimweleza Rehema kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Bibi, miezi saba ile sikuitaka mi. Ilikuja mdomoni."

Tulipumzika siku moja. Halafu Mwajuma akapanda nyuma ya baiskeli ya Nestori, sisi tukafuata kwa miguu, vijia vya mashambani, siku mbili hadi Giteranyi. Nestori alikuwa mtu wa maneno. "Bibi Mwajuma, ukisinzia utaniangusha, na mi bado sijaoa."

"Na sura hiyo hutaoa," Mwajuma akamjibu. Siku hiyo akili yake ilikuwa safi. Kila njia panda alinyoosha kidole bila kusita, na nilimwomba Mungu amwachie hivyo mpaka tufike.

Alituleta kwenye shamba la mihogo juu ya kijito. Mwanamke alitoka kutupokea, mikono ina udongo. "Shikamooni, mama zangu. Karibuni." Huyo ndiye Domitila. Mwajuma alipomweleza tunachotafuta, hakushangaa. Alitupitisha kati ya mihogo mpaka penye mawe madogo yamepangwa mduara, na ndani ya mduara hakuna kilichopandwa.

"Baba mkwe wangu, mzee Bukuru, ndiye aliyechimba," akasema. "Alipokuwa anaugua kule kambini Tanzania alituambia: mkirudi nyumbani, pale msilime, pana mgeni wangu. Tuliporudi tulikuta kichaka, tukafyeka, mawe yakaonekana."

Nilipiga magoti. Nilikuwa nimefika, na sikusikia kitu ila shukrani. Ndipo Domitila, kwa huruma yake, akaongeza: "Alikuwa anasikitika hadi kufa kwake kwamba hakuweza kumlaza vizuri. Mtoto alikuwa amekwisha kukakamaa. Miguu ilibaki imepanuka, kama bado yuko mgongoni kwa mama."

Nikamwambia, "Hapana, mama. Alikufa hapa chini kijitoni. Nilikuwa nampa maji."

Domitila alimtazama Mwajuma. Mwajuma alitazama mawe.

"Ulikuwa unampa maji, kweli," Mwajuma akasema. "Njia nzima ulikuwa unasema naye. Watu wanamsalimia, we unawajibu. Ningekuambia, ungekaa chini. Ungekaa, wote tungebaki pale."

"Tangu lini?"

"Niliona miguu haichezi tena. Nikanyamaza."

"Wapi, Mwajuma? Buhiga? Kabla ya Buhiga?"

Alifumba macho akatafuta. Nilimwona anatafuta, kama mtu anayepapasa chini ya kitanda. "Nilikuwa najua," akasema. "Mwaka jana bado nilikuwa najua."

Tulisoma dua, mimi, Mwajuma na Rehema, na Domitila alisimama pamoja nasi ameinamisha kichwa. Alipotaka kutupa viazi vya njia aliniuliza jina la mtoto, kwa sababu, alisema, wanapita pale kila siku na ni vibaya kumpita mtu bila kumtaja. Nikamwambia: Hassani bin Ramadhani. Akalirudia mara mbili mpaka likakaa.

Kurudi, tulimwacha Mwajuma Muyinga. Alinikumbatia vizuri, lakini aliniita kwa jina la mama yetu. Tulitembea siku saba mfuko ukiwa umefungwa vile vile kwa kitenge, nilitaka kujaribu. Hakuna aliyenisalimia mtoto. Kwenye ule mpando wa mikaratusi, tukishuka sasa, nilisimama pale pale. Mfuko ulikuwa mwepesi, hata upepo ulikuwa unauchezea.

Nilichojifunza kuhusu mizigo nimekwisha kusema: blanketi mgongoni, kizito juu, jua ni adui. Kuhusu dada yangu nimejifunza kwamba alibeba kuliko mimi, tena bila kitenge cha kufungia, na mi nilikuwa namwona anatembea mikono mitupu.

Majina ya watu niliyoandika nayaamini. Ya siku na saa, pengine nimechanganya, Rehema anasema Buhiga tulifika siku ya sita. Nisahihisheni. Lakini zaidi ya hayo naomba jambo moja kwa wazee wenzangu wa njia ile, kutoka Gitega hadi Giteranyi. Kama ule mwaka wa kukimbia ulikutana na msichana wa miaka kumi na tisa, dada yake mbele yake, mtoto mgongoni, na ukamsalimia yule mtoto: alikuchekea, au alikuwa amelala? Na ilikuwa kilima gani? Mimi nahesabu alitutoka kwenye ule mpando baada ya Karuzi, pale mfuko ulipokuwa mzito. Kama wewe ulimwona anacheka mbele ya hapo, hata hatua kumi mbele, njoo Yoba uniambie nimekosea.