Nilichana Spika ya Kwaya, Dada Akakosa Mume

Kosa ni langu peke yangu, msinitafutie wakili! Nimelinyamazia tangu enzi za Zaire. Leo mimi ni babu mwenye upara, hata aibu yenyewe imechoka kukaa nami.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, pale Bunia, mtumishi wa altare, mtoto wa kusifiwa na kila mama. Baba aliuza kwenye duka la Mgiriki mmoja. Siku moja mtoto wa huyo Mgiriki akanipa kaseti aliyoichoka. Ee Mungu wangu! Gitaa linanguruma kama lori lililokwama kwenye matope, na mtu anapiga kelele kama amebanwa na mlango. Hevi metal hiyo! Sikuelewa neno hata moja, lakini nilijua hapo hapo kwamba nimekwisha.

Mchumba wa dada yangu Rejina, Faustin, ndiye aliyepiga gitaa la kwaya. Ampli ya kwaya, ile mashine ya kukuza sauti yenye spika ndani na kutumia betri ya gari, ililala kwetu pamoja na gitaa, kwa sababu tulipakana na kanisa. Faustin alinifundisha gitaa kwa moyo mweupe. Lakini gitaa lake lilikuwa na sauti tamu mno! Mimi nilitaka lingurume. Nikaamua, kwa akili zangu za kuku, kwamba sauti ile hutoka kwenye kitu kilichochanika.

Jumamosi, nyumba tupu, nikachukua wembe wa baba nikachana karatasi ya spika mara tatu. Nikajaribu. Ikanguruma! Nilirukaruka kwa furaha, siwafichi.

Kesho yake, wakati wa matoleo, Faustin akagusa nyuzi. Kanisa zima likashtuka, mama mmoja akaangusha ndizi zake za sadaka. Na mimi? Nimepiga magoti, kengele mkononi, natikisa kichwa kwa mdundo! Mpumbavu wa kutupwa!

Kwa kuwa Faustin ndiye pekee aliyeruhusiwa kuichukua ampli kwetu, Padri akaamini kwamba aliikodisha kwenye baa, ikaharibikia huko. Akamtoa kwenye kwaya. Baba, kiongozi parokiani, akamalizia: "Mutoto yangu hawezi kuolewa na mutu ya kupeleka vitu ya Mungu mu baa!" Mbuzi wa posa wakarudishwa. Faustin akaenda kuchimba dhahabu Mongbwalu. Rejina hakuolewa na mwingine.

Nami kimya. Niliogopa mshipi wa baba na, naona haya kusema, niliogopa kunyang'anywa kaseti!

Na huo muziki ulinipa nini? Bendi sikuunda. Nilifuga nywele, shule ikanifukuza mpaka nizinyoe. Shingo inauma, sikio la kushoto limekufa. Bado naupenda, huo ndio upuuzi wangu.

Mwaka jana nikamwambia Rejina. Alikuwa akichambua maharagwe, hakuinua hata kichwa.

"Siye tulijua," akasema. "Faustin aliona ile spika imekatwa na wembe, akajua ni weye. Akaniambia tunyamaze, papa yetu atamuua huyu mutoto. Tulifikiri utasema weye mwenyewe. Alikungojea wiki tatu mbele ya kupanda lori."

Wiki tatu! Na mimi nilikuwa chumbani natikisa kichwa.

Ndugu msomaji, kama kuna mtu amebeba kosa lako, usijidanganye kwamba hajui. Huenda anajua, na anakungojea. Nenda leo! Mimi nilipofika, dada alikuwa na mvi kichwa kizima, na Faustin ameshazikwa Mongbwalu.