Kumjua Jike Bila Kisu

Nimekulia Kigoma, na kuparua samaki nilianza kabla sijajua kusoma. Kwetu samaki jike tulimjua kwa kisu: ukipasua ukakuta mayai, huyo jike. Elimu hiyo haikunifaa kitu Johannesburg, maana duka la Doornfontein nilikoajiriwa kusugua matangi linauza samaki wa ziwa letu wakiwa hai, na wanunuzi wanawatazama tu.

Bosi ni Mkongomani wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa hilohilo. Alinikabidhi tangi la kuzalishia kwa sharti moja: samaki wakiuana, narudi kwenye ndoo na brashi. Alitaka dume mmoja na majike tisa. Ukiweka madume wawili, utaokota mmoja akielea, mapezi yamenyofolewa.

Tatizo, samaki hawa weusi wenye mkanda wa njano wanafanana kama shilingi kwa ya pili. Nilianza kwa kosa la wengi: nilimwona mmoja mkali, nikamwita dume wa ziada, nikamtenga. Siku ya tatu waliobaki wakamuua mwenzao; kumbe madume wawili walikuwa bado humo. Nililia, wala sioni haya kusema. Bosi akaniachia nafasi moja ya mwisho.

Ndipo nilipojifunza kulowesha kiganja, kumpindua samaki tumbo juu na kutazama matundu yake mawili. Kwa dume yanakaribia kulingana. Kwa jike lile la nyuma ni pana zaidi, ndilo la kupitishia mayai. "Mficha uchi hazai," nikawa nawatania mmoja mmoja. Nikabakiza dume mmoja na majike tisa, kisha nikayapanga mawe yote upya, ili asiwepo wa kudai kwamba pembe fulani ni nyumba yake. Chumbani tulimopanga watu kadhaa, mtaani Berea, ugomvi uliisha hivyohivyo, siku tulipohamia kwingine wote kwa pamoja.

Bosi alipomwona yule mkali amerudi tangini, alipandisha sauti.

"Eish, mama, hii nayo iko dume! Itamaliza samaki yangu yote. Toa!"

"Huyu ni jike, bosi. Nimemtazama."

"Na ukali yote hii?"

"Kwani mwanamke mkali hujamwona? Mbona umeniajiri?"

Alijizuia kucheka. "Sharp, sawa. Moja ikikufa, unajua ndoo iko wapi."

Wiki zikapita, hakuna aliyekufa. Halafu yule mkali akaacha kula, akajibanza nyuma ya jiwe. Bosi akasema samaki anaumwa, na kosa ni langu. Nikamwambia ainame, amtazame kidevu. Kilikuwa kimevimba, na mdomo ukitafuna taratibu ilhali hana chakula.

"Anaatamia," nikasema. "Mayai yake yote yamo humo mdomoni."

Bosi alibandika paji la uso kwenye kioo, akakaa hivyo muda mrefu. Moyo ulinijaa fahari. Alipoinuka hakunisifu. Alichukua ndoo na brashi, akakunja mikono ya shati, akaanza kusugua tangi la pili mwenyewe.