Pakiti ya Kijani ya Dada Yeh

Dada Yeh ameitunza seva ya barua pepe ya kiwanda chetu cha skrubu, hapa Gangshan, kwa miaka kumi na tisa. Juu yake huweka pakiti ya kijani ya vitafunwa vya nazi, ili mashine iwe na adabu. Huku kwetu hata wenye digrii hufanya hivyo kwenye mashine zao. Mimi mwenye nusu diploma ni nani hata nibishe?

Jumatatu meneja mpya, Bwana Tseng, aliitupa pakiti hiyo. Jumatano seva za wateja wote zikawa zinazikataa barua zetu.

"Zima uwashe upya hilo kopo lako," Bwana Tseng alimwambia Dada Yeh, "la sivyo kazi yako naipa kampuni ya nje."

"Sizimi kitu," alijibu Dada Yeh bila kugeuka. Alikagua foleni ya barua akakuta elfu arobaini za kutangaza dawa ya upara, zote kutoka akaunti moja; ndizo zilizofanya tukataliwe. Akaifunga.

"Mbona umenifungia mimi?" alifoka Bwana Tseng.

"Nenosiri lako ni moja mpaka sita, bosi. Hata bibi yangu angeingia. Weka jipya, uandike ripoti kwamba kosa ni lako, usaini. Ukinifukuza sawa, ila bila saini sifungui."

Ofisi nzima tukajifanya tunachapa. Bosi akasaini. Barua zilipoanza kupita, akatoka, akarudi na pakiti ya njano.

"Za kijani zimeisha," alinong'ona.

"Njano ni rangi ya taa ya hitilafu. Nenda duka la pili."

Akaenda.