Justa na Ibara ya Kumi na Nne

Justa alikuwa fundi cherehani wa Igoma, na kwa miaka tisa alikuwa pia katibu wa asasi ya mtaa iliyohudumia wazee wasio na ndugu. Katiba ya asasi aliipenda kama wenzake wanavyopenda kitenge kipya. Mtu akiteleza kikaoni, Justa alikuwa ameshamtajia namba ya ibara kabla hajafunga mdomo.

Kilichomkera ni wanachama. Mkutano mkuu ukiitwa saa nne, saa sita akidi bado. Siku moja walipotimia kwa bahati, aliwaomba waibadili Ibara ya 14, ili marekebisho ya katiba yafanywe na kamati tendaji peke yake, watu watano.

"Tunawapunguzia usumbufu," alisema.

Wanachama walikwisha kunusa pilau. Mikono yote ikapanda.

Miezi mitatu haikupita. Mwenyekiti, Nathaniel, aliitisha kamati, na soda hazijaisha gesi ibara mpya ikapita kwa kura nne kwa moja: katibu lazima ajue kompyuta. Justa hakujua hata kuiwasha.

"Wanachama hawajaulizwa!" alilalamika.

"Dada Justa," Nathaniel alimjibu kwa upole, "Ibara ya 14."

Siku mbili hakugusa cherehani. Ya tatu alimeza aibu, akaanza kupita nyumba kwa nyumba akikusanya saini za kuitisha mkutano wa dharura. Mama Adoyo, muuza dagaa na mwanachama wa siku nyingi, alipokwisha kuitikia shikamoo yake alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, rungu ulitunyang'anya ukicheka. Leo limekugonga ndiyo unatukumbuka?"

"Nilikosea, mama."

"Hapo sasa umesema. Lete kalamu."

Safari hii watu walijaa hadi wengine wakakalia ndoo. Nathaniel akasimama, akawakumbusha kwamba ni kamati tu inayoweza kuibadili katiba.

"Vizuri," alisema Mama Adoyo. "Basi kamati ikae hapo mbele, iibadili sisi tukiitazama."

Ikakaa. Ikabadili, wote watano, bila hata kunong'onezana: tangu siku hiyo katiba haiguswi bila theluthi mbili ya wanachama.

Kisha wanachama wakaijadili ile ibara ya kompyuta. Justa alingoja itupwe. Wakaipitisha kwa shangwe, wakampa miezi sita ajifunze.

Alinuna hadi nyumbani. Lakini Jumamosi alikuwa Mirongo, kwenye darasa la kompyuta, miwani puani, akiitafuta herufi J.